Baada ya 19 Inakuja Ngapi?

Nyuma ya Bunge la Ulaya mjini Brussels, kwenye mtaa wa Vautier, kuna makumbusho ya sayansi asilia. Wengi wanaofika eneo hilo, liitwalo Quartier européen, wanafuata ofisi za Umoja wa Ulaya, na dinosaria wa makumbusho hayo huachiwa watoto wa shule. Mle ndani, hata hivyo, umo mfupa mmoja wa rangi ya kahawia ulioletwa kutoka mashariki mwa Kongo. Una urefu wa kama sentimita 10, na kipande cha kwatsi kimepachikwa kwenye ncha yake. Mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una umri wa takriban miaka 20,000, na mwilini mwake kuna mikato iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu.

Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19. Ya pili ina 11, 21, 19, 9. Ya tatu ina manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Kama ni hesabu, ni kalenda ya mwezi, au ni mikato ya kuzuia mkono usiteleze, wataalamu hawajaacha kubishana, nami siingilii. Nambari hizi nazitaka kwa kazi nyingine. Ni chache, zinaenea kwenye kipande cha karatasi, na zinaonyesha waziwazi jinsi programu ndogo ya kompyuta inavyopitisha mstari kwenye takwimu, na wapi inapoanza kutudanganya.

Programu yenyewe haihitaji zaidi ya kutoa na kujumlisha; lahajedwali lolote linaiweza. Andika 11, 13, 17, 19. Chini yake andika tofauti ya kila nambari na inayoifuata: 2, 4, 2. Tafuta tofauti za tofauti hizo: 2 na -2. Rudia mara nyingine: -4. Imebaki nambari moja, huna cha kutoa tena. Sasa panda juu ukijumlisha, kwa sharti kwamba ile -4 haibadiliki: -2 na -4 ni -6; 2 na -6 ni -4; 19 na -4 ni 15. Basi programu inasema fungu la tano lina mikato 15. Katika miaka ya 1820 Mwingereza Charles Babbage alianza kuunda mashine ya magurudumu ya shaba kwa ajili ya kazi hiihii, na serikali yake ikatumia fedha nyingi bila kuiona imekamilika.

Ukiichora kwenye grafu, njia hiyo ni mstari uliopinda unaopita kwenye nukta zote nne bila kukosa hata moja. Uulize katikati ya fungu la pili na la tatu kungekuwa na ngapi, utajibu 15. Chukua rula uunganishe 13 na 17 kwa mstari ulionyooka: 15 vilevile. Hapo kazi ni ya kujaza pengo, na pengo limeshikwa pande zote mbili. Kifaa cha kupima joto kikizimika saa nne, ukawa na vipimo vya saa tatu na saa tano, huna haja ya hisabati kubwa.

Mambo hugeuka unapovuka nukta ya mwisho. Mstari wetu uliopinda unatoa 15, kisha 1, kisha -27, na mikato -27 hakuna kisu kinachoweza kuichonga. Mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na nukta zote nne unatoa 22 kwa fungu la tano. Anayeziona 11, 13, 17 na 19 kuwa nambari tasa atasema 23. Takwimu ni zilezile nne, majibu ni matatu, na hakuna kilichoyatofautisha isipokuwa dhana ambayo kila mmoja alikuja nayo.

Safu ya tatu ni mbaya zaidi. Nukta nane zinahitaji mstari wenye mikunjo mingi, nao hauna utulivu hata ndani ya takwimu. Kati ya 5 na 7 za mwisho, ambako mtu angetarajia kama 6, mstari unaruka hadi karibu 10 kabla ya kurudi. Mjerumani Carl Runge alilieleza tatizo hili mwaka 1901: kadiri unavyoongeza nukta zilizoachana sawasawa na kuulazimisha mstari kuzipita zote, ndivyo mstari huo unavyoweza kuyumba kwenye ncha. Na fungu la tisa? Programu inasema -123, bila kusita.

Brussels ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1845 Pierre-François Verhulst, mzaliwa wa mji huo, alichukua idadi ya watu wa Ubelgiji ya mwaka 1815, 1830 na 1845: milioni 3.63, 4.25 na 4.80. Njia yetu ya tofauti ingempa kilele cha karibu milioni 6.7 katika miaka ya 1950, halafu nchi ianze kupungukiwa watu. Yeye aliona mbali zaidi. Alidhani kwamba kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo ongezeko linavyobanwa, mpaka idadi itulie kwenye kikomo, nacho akakipata kuwa milioni 6.6. Miaka miwili baadaye alibadilisha kanuni ya kubanwa huko, na kikomo kikapanda hadi milioni 9.4. Ubelgiji ya leo ina watu zaidi ya milioni 11.5. Hata hivyo mstari wake unaofanana na herufi S bado unatumika kila siku, kuanzia biolojia hadi mauzo ya simu, kwa sababu angalau dhana yake aliitaja hadharani.

Makao makuu ya Tume ya Ulaya, jengo la Berlaymont, hayako mbali na makumbusho hayo. Tume hutoa makadirio ya uchumi kila majira ya kuchipua na ya vuli, kwa modeli kubwa mno kuliko lahajedwali letu. Lakini jaribio ambalo ningelifanya kwanza kwa modeli yoyote ni lilelile: ficha takwimu ya mwisho unayoijua, uiache programu iitabiri. Ukiificha 19, mstari ulionyooka unatoa karibu 20, na njia ya tofauti inatoa 23. Ukiificha ile 7 ya mwisho katika safu ya nambari nane, njia ya tofauti inarudisha 45. Programu ya namna hiyo sina sababu ya kuiuliza habari za fungu la tisa.