Lamu: Bonasi ya chai ingoje Agosti

BONASI ya chai inapoingia, aghalabu mwezi wa Oktoba, mkulima wa Nyansiongo huandamwa na mengi: karo, mbolea, mabati na deni la dukani. Lakini iwapo umewaahidi watoto kuwapeleka Pwani kuuona mji wa kale wa Lamu, mpenzi msomaji, usikimbilie kukata tiketi za Disemba.

Kwanza ufahamu unachokiendea. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka wa 1821, ilikuja kugeuzwa gereza na kubaki hivyo hadi 1984. Leo ni makumbusho. Mnamo 1986 mji huo ulitangazwa rasmi kuwa wa kuhifadhiwa, na mwaka wa 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya turathi za ulimwengu. Haya si magofu. Katika nyumba hizo za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko watu wangali wanaishi, na vichochoroni mizigo hubebwa na punda.

Sasa tuangalie majira. Disemba ni kaskazi: jua ni kali kwa mtoto aliyezoea baridi ya Nyansiongo, wageni ni tele na nauli hupanda. Likizo ya Aprili nayo huangukia masika, na Mto Tana ukifurika, barabara ya kwenda Lamu hukatika. Agosti ndiyo afadhali. Upepo wa kusi huichafua bahari kidogo, lakini hewa ni ya kupendeza.

Je, wapenda shamrashamra? Basi lenga Maulidi, katika Mfungo Sita, ambayo huwavuta watu wengi katika Msikiti wa Riyadha. Tazama kalenda, kwani kila mwaka huja mapema kwa siku kumi na moja hivi. Mwezi wa Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mchana.

Kutoka Nyansiongo utapitia Nairobi, kisha Mombasa kwa basi au gari la moshi, halafu basi hadi Mokowe, ambako utapanda mashua. Ulizia hali ya usalama barabarani kabla ya kuondoka. Ukifika, vaa mavazi ya heshima na uamkie wazee.

Kwa hivyo Oktoba hii tenga fungu la safari katika chama chako cha akiba, na usiliguse hadi shule zifungwe Agosti. Watoto watanung'unika Krismasi, lakini subira huvuta heri.