Vitabu vya mtihani wa urubani: kipi kinunuliwe?

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya vitabu. Si vya hadithi, bali vile anavyosoma kijana anayetaka kuwa rubani. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya watoto wa wakubwa. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka dada yangu alipouza kiwanja chake ili mwanawe akasomee urubani Nairobi, pale uwanja wa Wilson ambako shule za kazi hiyo ni nyingi.

Mwezi uliopita kijana alirudi nyumbani uso umemshuka. Katika mitihani ya maandishi aliyofanya, miwili ilimwangusha: wa hali ya hewa, na ule wa kutafuta njia kwa ramani na dira. Akaniambia, "Mjomba, maswali zaidi ya elfu moja niliyamaliza, na majibu yote nilikuwa nayo kichwani."

Nikamwambia alete alivyokuwa akisoma. Akafungua begi. Humo hamkuwa na kitabu hata kimoja kamili. Kulikuwa na desa la kurasa mia tatu, lililotolewa nakala ya nakala hata michoro ikageuka madoa ya wino, na katika simu yake programu ya maswali ya mitihani ya Ulaya. Mimi si rubani, kazi yangu ni kipaza sauti. Lakini kuuliza ndiyo kazi niliyosomea, basi tukakaa jioni tatu tukipekua.

Kwanza nilijifunza kwamba mambo ya kusoma hayatofautiani sana duniani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, limeyataja katika Kiambatisho cha 1: sheria za anga, ndege na injini zake, uzito na uwezo wa ndege, mwili na akili ya binadamu angani, hali ya hewa, kutafuta njia, taratibu za kazi, kanuni za kuruka, na mawasiliano ya redio. Bawa huinua ndege Texas kama linavyoiinua Tabora. Kwa hiyo kitabu kizuri cha kigeni si cha kutupwa. Wamarekani wanacho kimoja, *Pilot's Handbook of Aeronautical Knowledge*, ambacho serikali yao inakitoa bure kwa njia ya intaneti. Kimeeleza mambo kwa utulivu na michoro yake inaonekana.

Taabu iko pale kitabu kinapozungumzia mahali. Desa la mpwa wangu lilisema upepo huzunguka eneo la mgandamizo mdogo wa hewa kinyume cha mwendo wa saa. Ni kweli, lakini kaskazini mwa ikweta. Kusini huzunguka upande wa pili. Dira nayo ina vituko vyake. Ndege inayoelekea mashariki ikiongeza mwendo, huko kaskazini dira hudanganya kwamba imegeukia kaskazini. Huku kwetu kusini hudanganya kwamba imegeukia kusini. Kijana alikuwa amekariri jibu la Ulaya. Swali lilipobadilishwa neno moja tu, hakuwa na pa kushika.

La mwinuko ndilo lililonitisha zaidi. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha marubani, joto la mwinuko huo lingekuwa kama nyuzi 4. Sasa chukua mchana wa nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi huongeza kama futi 120, kwa hiyo ndege inajiona iko futi 8,000 hivi, pale pale ardhini. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, na njia ya kurukia inahitajika ndefu zaidi. Aliyeandika kitabu chake kwa viwanja vya pwani ya Uingereza huenda akalipitia jambo hilo kwa kurasa mbili na kuendelea na habari za barafu juu ya mabawa. Mwanafunzi wa Wilson anahitaji sura nzima.

Sheria nazo zisisomwe kwa jirani. Kitabu cha Marekani kitakufundisha kusoma mgandamizo wa hewa kwa inchi za zebaki, wakati huku hutangazwa kwa hektopaskali. Ndiyo maana nilimshauri aanze na mtaala wa mamlaka itakayomtahini, apate kanuni za nchi hiyo na kitabu chake cha taarifa za anga, kisha atazame mwaka wa toleo kabla ya kutoa fedha.

Maswali ya mazoezi sikumkataza. Yanafaa mwishoni, msomaji anapotaka kujipima, na yawe yale yanayoeleza kwa nini jibu ni hilo. Herufi A, B au C peke yake haimwambii kitu.

Jumapili amepanda basi kurudi Nairobi na vitabu viwili, kimoja cha mitumba chenye jalada lililogundishwa, kingine tulichokichapa kurasa kwa kurasa. Mtihani wa marudio ni mwezi ujao. Desa lile dada yangu amelichukua, anawashia jiko la mkaa.