Perege, Mtama na Mboga za Mvua za Kwanza

Mkaazi wa Utemini, kata iliyo ndani ya mji wa Singida, hana sababu ya kuwahusudu watu wa pwani jua linapokuchwa na watoto wakaanza kuulizia chakula. Maana Ziwa Singidani, ambalo maji yake yana chumvi, halikosi perege wa kutosheleza sufuria ya nyumba, na pale ziwa linapofanya ubahili, sato wa Mwanza hufika sokoni kwa barabara ya Nzega. Kitoweo kipo karibu. Ninalolisikitikia ni kwamba kitoweo hicho aghalabu huwekwa kando ya sembe nyeupe, ilhali nchi hii ya Wanyaturu, yenye msimu mmoja tu wa mvua, tangu dahari ilisimama kwa mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame ambao huyaua mahindi yangali machanga.

Mtama ni mzaliwa wa Afrika, uliolimwa katika nchi ya Sudani takriban miaka 5,000 iliyopita, na mahindi ni mgeni kutoka Amerika. Simdharau mgeni, walakini kumtukuza hata mwenyeji akasahauliwa ni dhulma, hasa pale mgeni mwenyewe anapokobolewa hata pumba, pamoja na sehemu kubwa ya nguvu yake, zikaachwa mashineni.

Kwa watu wanne, perege wawili wa nusu kilo kila mmoja na unga wa mtama nusu kilo hutosha, na kazi yote huchukua muda wa saa moja, maadamu mpishi ameijua taratibu. Samaki ndiye wa kwanza: aparuliwe, atolewe matumbo na matamvua, achanjwe ubavuni, apakwe chumvi na ndimu, kisha aachwe kidogo wakati vitunguu vinakatwa, navyo vitunguu vya Singida vina sifa iliyovuka mipaka ya mkoa. Kabla ya kutiwa katika mafuta ya alizeti yaliyopata moto barabara, afutwe kwa kitambaa hata ngozi ikauke, kwa kuwa maji huyapoza mafuta, na ngozi iliyolowa hugandamana na kikaango ikachunika. Akishaiva rangi pande zote mbili, atolewe. Vitunguu vikaangwe katika mafuta machache yaliyobaki, zifuate nyanya, zipikwe hata zirojeke na mafuta yaelee juu, ndipo arudishwe na maji kidogo, atokote taratibu kwa dakika chache.

Ugali wa mtama wataka subira kuliko wa mahindi. Unga wake hauna utando ule unaovuta donge la ngano. Kinachoushikamanisha ni wanga uliokunywa maji ya moto ukavimba. Kwa hiyo katika lita moja na robo ya maji korogeni kwanza uji mwepesi, uacheni uchemke sana, kisha ongezeni unga uliobaki kidogo kidogo huku mwiko haupumziki. Asongaye kwa haraka hupata ugali unaomeguka mkononi, akaulaumu mtama bure.

Mboga ziwe za mwisho. Mvua za kwanza ziangukapo, kuanzia Novemba au Desemba, uwanda uliokuwa mkavu huchipua mlenda, mgagani na mchicha pori, na majani ya kunde hufuata mashambani. Mgagani una uchungu, nao hutulizwa kwa maziwa. Mlenda huteleza, na utelezi huo ndio rafiki wa kweli wa ugali wa mtama, wenye chembechembe ulimini. Kuchemsha mboga muda mrefu ni kuzipotezea vitamini C kwa joto linaloiharibu na katika maji yanayomwagwa. Zitiwe katika maji machache, zifunikwe, ziepuliwe zingali kijani.

Mwaka 1975, baada ya ukame uliolitikisa taifa, kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya Watanzania vikundi vikundi mbele ya redio wajifunze lishe bora. Redio zile zimenyamaza, lakini mtama ungali ukiuzwa. Basi, ndugu msomaji, upitapo sokoni kesho, uliza unga wake kabla ya kuulizia sembe, na umwambie muuzaji asiukoboe.