Je, Wajua? Saini iliyoipaisha yoyo

Je, wajua kwamba yoyo, kile kichezeo cha visahani viwili kinachopanda na kushuka kwenye uzi, iliwahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 16,000 za Marekani hasa kwa sababu ya saini?

Tarehe 16 Machi 1974, Rais Richard Nixon wa Marekani alihudhuria ufunguzi wa ukumbi mpya wa muziki wa Grand Ole Opry mjini Nashville. Mwimbaji Roy Acuff, aliyezoea kuchezesha yoyo jukwaani, alijaribu kumfundisha. Rais hakuiweza, lakini aliitia saini yoyo ya Acuff. Kabla miezi mitano haijatimia, kashfa ya kisiasa iitwayo Watergate ilimfanya ajiuzulu. Acuff alifariki mwaka 1992, na yoyo hiyo ikauzwa mnadani.

Hata hivyo, saini haina bei moja kwa kila mtu. Anayekusanya kumbukumbu za marais huiona lulu. Mchezaji wa yoyo huenda akathamini zaidi saini ya bingwa aliyemfundisha mtindo wake wa kwanza, ingawa sokoni huenda isiongeze hata senti. Mwingine husema wino umekiharibu kifaa kizuri. Tena wino hufutika kwa kushikwashikwa, hivyo mwenye yoyo yenye saini huchagua: aicheze au aifungie kabatini.

Ukiuziwa kitu chenye saini, jiulize kwanza: bila wino huo, ungekitaka?