Kubuni Nasaba ya Kifalme Pasipo Ufalme: Mafunzo kutoka Arua na Koboko

Utangulizi

Mtunzi wa historia mbadala huanza na swali: ingalikuwaje? Anayetaka kuandika riwaya au tamthilia ya Kiswahili kuhusu ufalme katika eneo la Arua na Koboko, West Nile, hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake anayeandika kuhusu Buganda au Zanzibar hanalo: hapakuwa na mfalme. Walugbara na Wakakwa waliishi katika koo zilizojitegemea. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa ukoo, na hata mwenye uwezo wa mvua, ambaye Walugbara humwita opi, hakuwa mtawala wa nchi nzima. Makala haya yanafafanua jinsi nasaba ya kubuni inavyoweza kuaminika katika mazingira hayo, na kwa nini kuaminika huko kunapaswa kuwashughulisha washauri wa sera.

Nasaba iliyopo

John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika masimulizi ya mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao wana wao huhesabiwa kuwa waasisi wa koo. Mashujaa hao huhusishwa na Mlima Liru, upande wa Koboko, na Mlima Eti, upande wa Terego. Nasaba hiyo hutanuka kwa upana: kila mwana ni chimbuko la ukoo ulio sawa na mwingine. Nasaba ya kifalme hufanya kinyume. Humteua mwana mmoja na kuwashusha ndugu zake. Kwa hiyo mtunzi anayechora mstari mmoja kutoka kwa Jaki hadi 1914, mwaka ambao West Nile ilihamishiwa Uganda, amekwisha kuzishusha koo nyingine zote, hata kama hakukusudia.

Nyaraka nazo zina mtego wake. Katika utawala wa kikoloni, machifu wa kaunti za West Nile waliitwa masultani. Neno hilo lilikuwa jina la kazi ya serikali; halithibitishi kuwapo kwa usultani wala kwa damu ya kifalme.

Njia panda inayokubalika

Kielelezo cha karibu kipo kusini mwa West Nile, kwa Waalur. Aidan Southall (1956) alieleza jinsi wana wa rwoth, yaani mtawala wa Kialur, walivyokwenda kuishi miongoni mwa majirani kama Walendu na Waokebo, na jinsi majirani wenyewe walivyoweza kuwaomba, ili wapatanishe ugomvi na kulinda mvua. Mtunzi anaweza kudhania kwamba mwana mmoja wa namna hiyo aliombwa na ukoo wa Kilugbara. Dhana hiyo haihitaji vita wala muujiza. Inahitaji ugomvi wa koo mbili uliokosa mwamuzi.

Kutoka hapo kanuni za jamii ndizo zinazoujaza mti. Kwa kuwa ndoa ndani ya ukoo ni mwiko, mama wa kila mfalme atatoka ukoo mwingine, na wajomba watakuwa nguzo ya mgombea au chanzo cha uasi. Mti usioonyesha wake na koo zao haumwelezi msomaji kwa nini mwana huyu alirithi na yule akakimbia.

Ushahidi wa majina

Majina ndiyo mahali ambapo nasaba bandia hufichuka upesi. Majina mengi ya Kilugbara hayasifu. Hueleza hali ya wazazi wakati wa kuzaliwa: kifo, taabu, furaha, maneno ya majirani. Candia na Candiru hutokana na taabu. Ayiko na Ayikoru, na furaha. Kiambishi -ru huonyesha mwanamke. Mfalme wa kubuni aitwaye Candia anasadikika kuliko mwenye jina la simba au radi. Aidha, Kilugbara ni lugha ya kundi la Sudani ya Kati, ilhali Kikakwa ni cha Kiniloti cha Mashariki. Tawi la ufalme likihamia Koboko, majina yake hayana budi kubadilika ndani ya vizazi viwili au vitatu.

Idadi ya vizazi

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila mfalme ni kizazi kimoja. Tukikadiria miaka 30 kwa kizazi, kipindi cha 1800 hadi 1914 kina vizazi vinne hivi; lakini ndugu wakirithiana, wafalme wanaweza kufika wanane. David Henige (1974) alitahadharisha kuhusu orodha ndefu za baba na mwana zisizokatika. Katika Buganda, orodha aliyoichapisha Speke mwaka 1863 ni fupi mno kuliko ile ya Apolo Kaggwa ya 1901: maandishi yalikuza orodha.

Nasaba pia hupungua. Kwa Wagonja wa Ghana, Goody na Watt (1963) walionyesha kwamba wana saba wa mwasisi Jakpa, waliotajwa mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa watano miaka 60 baadaye, baada ya maeneo mawili kutoweka katika ramani ya utawala. Hivyo mti mzuri wa kubuni uwe na matoleo mawili yanayopingana, kila moja likisimuliwa na ukoo wake.

Hitimisho na mapendekezo

Katiba ya Uganda ya 1967 ilifuta falme. Ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 iliruhusu viongozi wa kimila kulingana na utamaduni au matakwa ya watu, na sheria ya 2011 ikaweka utaratibu. Cheo cha Agofe, kinachotumiwa leo na kiongozi wa kimila wa Walugbara, kinaonyesha kwamba jamii inaweza kuwa na kiongozi wa heshima bila kujitungia damu ya kifalme.

Hata hivyo, pale utambuzi unapoleta hadhi na rasilimali, nasaba iliyochapishwa huweza kuwasilishwa kama ushahidi. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mtunzi abuni majina ya koo za kifalme badala ya kutumia za kweli, na aeleze ubunifu huo ndani ya kitabu chenyewe. Pili, mshauri anayeletewa nasaba aulize: iliandikwa mara ya kwanza lini, na ni ndugu gani walioshushwa ili mstari huu unyooke? Jibu la swali la pili ndilo litakalomwonyesha nani atakayelalamika kesho.