Fundi Saa Kijijini

Karibu kila kijiji kina mtu apendaye kufungua vitu. Akiona saa imesimama, anataka kujua ndani kuna nini. Wengine humcheka, eti anapoteza muda. Sisi tunasema mapenzi hayo yanaweza kuleta fedha nyumbani.

Huku kwetu Mbeya na Iringa mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Wakati huo jembe halipumziki. Baada ya mavuno wengi wetu hupata nafasi, labda wenye vinyungu tu ndio hawapati. Hapo ndipo kazi ya pili inapofaa. Hatusemi uache shamba. Shamba hulisha, saa itanunua chumvi na madaftari ya watoto.

Je, saa inakwendaje? Saa ya zamani ina springi. Ukiitia ufunguo, springi hukazwa. Ikilegea polepole husukuma magurudumu yenye meno, nayo huzungusha mishale. Saa nyingi za siku hizi hutumia betri. Ndani mna kijiwe kiitwacho kwatzi. Kijiwe hicho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Mtambo mdogo huhesabu mitetemo hiyo na kuendesha mishale.

Saa ya ukutani ikisimama, usikimbilie bisibisi. Fanya hivi:

1. Tia betri mpya. Angalia alama za + na –.
2. Tazama vyuma vinavyogusa betri. Vikiwa na ungaunga au kutu, visugue taratibu kwa kitambaa kikavu. Tukuyu unyevu ni mwingi, kutu haikosi. Usangu wakati wa kiangazi adui ni vumbi.
3. Tazama mishale. Ikigusana, au ikigusa kioo, saa husimama. Inyooshe polepole.
4. Kama bado haiendi, huenda mashine imekufa. Mashine ya kwatzi hubadilishwa nzima. Saa ya springi mpelekee fundi aliyezoea.

Jifunze kwa saa zako mbovu kwanza, si kwa saa ya mteja. Kisha kaa na fundi wa mjini umtazame. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Mbeya na Iringa. Huko watakushauri juu ya kuendesha kazi ndogo.

Sasa kisomo chako kifanye kazi. Andika daftarini jina la mwenye saa, ubovu, bei na siku ya kuichukua. Taja bei kabla ya kufungua. Kama matengenezo yanakaribia bei ya saa mpya, mwambie mwenyewe ukweli. Ukimdanganya leo, kesho harudi, na jirani zake hawaji.

Jambo moja la hatari: betri ndogo za duara, kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza, inaweza kumwunguza koo vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Zifungie mbali. Akimeza, mkimbizeni hospitali mara hiyo hiyo, hata kama halii.

Mtasema, siku hizi simu zinaonyesha saa. Kweli, saa za mkono zimepungua. Lakini shuleni, zahanati, kanisani na msikitini saa za ukutani zipo. Basi wiki hii zunguka kijijini, hesabu zilizosimama. Utajua kama kazi ipo.