Mshipi wa Mwanafunzi Pale Gazi

Si kila aendaye pwani na mshipi mkononi ni mvuvi, msomaji wangu, kama vile si kila abebaye ubao kwenda chuoni ni hafidhi. Kila elimu ina alif yake, na alif ya mshipi ni swali moja tu: samaki umtakaye hula nini, na mdomo wake una ukubwa gani? Mwenye kulijibu swali hilo kabla ya kuingia dukani hununua kidogo na hupata kingi. Asiyelijibu hurudi nyumbani na ndoana tele na sahani tupu.

Gazi iko yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kati ya Ukunda na Msambweni. Wengi wanaijua kwa habari za Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Leo siandiki habari za vita. Naandika habari za ghuba, kwani sijaona darasa la mshipi jema kuliko lile. Upande wa bara imezungukwa na mikoko, chini ya maji zimetanda nyasi za baharini, na huko nje mwamba huyavunja mawimbi kabla hayajafika. Maji ni ya kina kifupi na yametulia. Mwanafunzi hahitaji ngalawa wala kuombwa dua ya safari.

Huko Marekani mwanafunzi huanzishwa kwa samaki mdogo wa ziwani aitwaye bluegill. Mdomo wake ni mdogo, kwa hiyo hupewa ndoana ndogo na kipande cha nyungunyungu, mshipi wake mwembamba, na kazi imekwisha. Sisi pwani hatuna bluegill, lakini tuna tafi na changu, na hapa ndipo elimu yetu inapopita ya wenzetu kwa ugumu. Samaki hawa wawili wanaishi katika nyasi zile zile, lakini hawali chakula kimoja.

Tafi ni mla majani. Kazi yake mchana kutwa ni kuchuna mwani na nyasi, na mdomo wake ni mdogo kama wa sungura. Changu ni mla nyama: hutafuta kaa, kamba, konokono na minyoo mchangani, na mdomo wake hufunguka vizuri. Wavuvi wa malema wanalijua hilo tangu enzi za mababu, ndiyo maana mwenye kutaka tafi hutia mwani ndani ya lema lake.

Sasa tuje kwenye vifaa. Mshipi na uwe wa nailoni, unene wake usizidi nusu milimita. Huo unamtosha samaki yeyote wa ghubani, na wembamba wake hukuletea habari kidoleni. Pima kumi na tano zinatosha. Uzungushe kwenye kipande cha ubao au chupa, usije ukafungamana. Chubwi liwe dogo kadiri maji yatakavyokuruhusu, la kufikisha chambo chini tu. Chubwi zito humfanya samaki ahisi uzito na kukitema chambo, nawe usihisi kitu. Na ewe kijana, usilibane chubwi kwa meno, maana risasi ni sumu.

Ndoana ndilo jambo linalowachanganya wengi. Katika ndoana hizi ndogo, namba ikizidi ndoana hupungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Kijana mmoja aliniuliza ufukweni, "Ami, ninunue namba ngapi?" Nikamjibu, "Kwanza niambie mwanangu, utatia chambo gani?" Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Haukuwa mzaha. Chambo na ndoana ni mume na mke, huwezi kumposa mmoja bila kumjua mwenziwe.

Kwa tafi, chukua ndoana ndogo, namba 10 au 12, uizungushie mwani laini wa kijani uliouchuma pale pale mawimbi yanapopiga. Wako watumiao unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu, nao unafaa, ila unga huwaita na wasioalikwa. Tafi hamezi kwa pupa, hudonoa. Basi usivute kwa nguvu. Ukihisi kidole kinaguswa mara mbili tatu, inua mkono taratibu.

Kwa changu, chukua ndoana kubwa zaidi, namba 4 au kubwa kuliko hiyo, na chambo cha nyama. Kamba ni mtamu kuliko vyote lakini huchopoka upesi. Ngisi ni mgumu, hudumu ndoanani hata akidonolewa, kwa hiyo ndiye nimpendekezaye kwa mwanafunzi. Mkate vipande virefu vyembamba, upana wa kidole cha mwisho, ncha ya ndoana ibaki nje kidogo. Minyoo ya topeni ni chambo kizuri pia, lakini mwenye kuifukua aangalie asing'oe nyasi, na shimo alifukie. Chambo chochote kiwe kibichi, kikae kivulini ndani ya kitambaa chenye maji. Kilichooza huwafurahisha kaa, nao ni wezi.

Wakati mwema ni maji yanapoanza kujaa, kwani samaki huyafuata kuingia mikokoni kutafuta chakula. Anayejifunza achague siku za maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo una nguvu, nalo chubwi dogo huburutwa kama kishada.

Mtu atauliza, kwa nini nisitie ngisi kwenye ndoana ndogo, nikapata kila aina? Naam, utapata, na hapo ndipo pana dhambi ya mambo haya. Ghuba ya Gazi ni kitalu. Changu na tafi wadogo hulelewa katika nyasi na mikoko ile mpaka wapate nguvu ya kutoka mwambani. Ndoana ndogo yenye nyama itakuletea vitoto vya changu kumi kwa saa moja, na kumi hao hawajazi kikombe. Aina nyingi za changu huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Ukiwamaliza wangali wachanga, hukubakisha mama wala baba.

Serikali ilipiga marufuku makokoro mwaka 2001 kwa sababu yanakomba wakubwa na wadogo. Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni nao wanailinda misitu yao ya mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013, wakiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na miti ile na kuzitumia fedha kwa maji na shule. Haitakuwa uungwana jamii ikilinda kitalu kwa juhudi hiyo, kisha mimi na wewe tukakikomba kwa ndoana moja moja. Kanuni yangu ni nyepesi: ndoana ndogo na mwani, ndoana kubwa na nyama, wala usizichanganye. Tafi au changu asiyefika shubiri moja ya mtu mzima, mrudishe, na umshike kwa mkono uliolowa ili usimchubue. Wakija wadogo watupu, hama mahali.

Jambo la mwisho ni la usalama. Tafi ana miiba 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo na 4 katika mapezi ya tumboni, yote ina sumu. Mshike kwa kitambaa kinene. Ukichomwa, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, na maumivu yatapungua. Yasipopungua, nenda zahanati.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mfundishe mwanao leo, angali na umri wa kusikia. Nami namwachia ubeti huu aende nao pwani:

Mshipi ni wa kupima, chambo nacho ubaini,
Mchanga mwache salama, arudi zake nyasini,
Kesho utapata nyama, ikijaa sahanini,
Bahari haina choyo, choyo ki mwetu nyoyoni.